Jina la Chura na Mipaka ya Nchi Yake

Mwishoni mwa 2025, habari zilipotoka kwamba Tanzania imepata spishi tatu mpya za vyura wanaozaa, jirani yangu hapa Kimara aliniuliza: "Hao wapya wametoka wapi, au ni walewale wamebadilishwa majina?" Ni walewale. Walikuwapo misituni siku zote, na baadhi ya wenzao wamekaa kwenye chupa za makumbusho ya Berlin kwa zaidi ya miaka 120. Kilichobadilika ni jina, na jina likibadilika, mipaka ya eneo la mnyama nayo huchorwa upya.

Mwaka 1905 Mjerumani Gustav Tornier aliwaeleza wanasayansi wenzake habari za chura wa huku kwetu ambaye hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Viluwiluwi hukulia tumboni mwa mama, wakatoka vyura kamili. Akaitwa viviparus, yaani mwenye kuzaa. Kwa karne nzima jina hilo moja lilifunika milima mingi, kuanzia Tao la Mashariki hadi Nyanda za Juu Kusini. Safari hii watafiti, akiwamo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walisoma vinasaba vya vielelezo vile vikongwe vya kwenye chupa, wakavilinganisha na vya vyura wa leo. Wakatengwa watatu: Nectophrynoides saliensis wa Sali kule Mahenge, luhomeroensis wa mlima Luhomero katika Udzungwa, na uhehe wa nchi ya Wahehe.

Kutilia shaka mgawanyo wa namna hii si ujinga. Askari wa msitu aliyezoea kuandika jina moja kwenye daftari lake sasa anatakiwa kutofautisha vyura wanaofanana mno, na hana maabara mfukoni. Kumbukumbu za zamani nazo zinaingia giza: mtu aliyeandika viviparus miaka arobaini iliyopita bila kuhifadhi kielelezo, leo nani atajua alimwona yupi? Tena kila spishi inayotengwa huwa na eneo dogo kuliko ile iliyoizaa, hivyo huingia haraka kwenye orodha ya walio hatarini. Msitu ukibanwa zaidi kwa sababu hiyo, anayeguswa kwanza ni mama wa kijijini anayeokota kuni, si sisi wa mjini.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa kugawa, na sababu yangu ni chura wa Kihansi.

Niliwahi kuwaona pale Mlimani, chuoni, nyuma ya kioo. Ni vidogo, vya manjano, hata sentimita tatu havifiki, vimeng'ang'ania majani yenye matone ya maji. Jike mmoja alikuwa amejibandika kiooni, na kupitia ngozi nyembamba ya tumbo lake niliona vivuli vya watoto wake. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Huyu ni ndugu wa karibu wa wale watatu, wa jenasi (kundi la spishi) ileile ya Nectophrynoides. Jina lake, asperginis, linatokana na manyunyu ya maporomoko ya korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, aliyokuwa akiishi ndani yake, kwenye eneo la kama hekta mbili tu.

Aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa umeshaanza. Maji yalipochepushwa mwaka 2000 kwenda kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakauka. Zikafungwa bomba za kunyunyizia, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Idadi ya waliobaki korongoni ilipanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka ghafla, na miili yao ikakutwa na ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliopo leo ni uzao wa wale waliosafirishwa: walirudi Dar es Salaam mwaka 2010, na miaka miwili baadaye wakaanza kurejeshwa korongoni.

Sasa fikiria kama mtu wa mwaka 1996 angemtazama chura yule akasema huyu ni aina ileile iliyozagaa milimani, akaendelea na safari. Kwenye karatasi kusingekuwa na hasara yoyote. Wasingepelekwa Marekani, na leo kusingekuwa na wa kurejesha. Jina pana huficha vifo vya mahali padogo.

Lakini mgawanyo wenyewe hautoshi. Ugumu wa askari wa msitu ni wa kweli, na kumwambia asome makala ya Kiingereza yenye michoro ya vinasaba ni kumtupa mkono. Anahitaji karatasi moja ya Kiswahili yenye picha, sauti ya chura iliyorekodiwa kwenye simu, na jina linalotamkika. Jina halina haja ya kubuniwa, kwani limo ndani ya Kilatini chenyewe: chura wa Sali, chura wa Luhomero, chura wa Uhehe. Na vielelezo vitakavyokusanywa kuanzia sasa vibaki kwenye makabati ya Mlimani, ili mwanafunzi wa Dar akitaka kuhakiki jina apande daladala hadi chuoni badala ya kuomba viza ya Ujerumani.