Gari Langu Lina Kiu ya Uongo

Wallahi, gari hili lina roho mbaya. Breki zikiisha, halisemi neno. Mshale wa petroli umelala palepale kwenye nusu tangu nilinunue kwa Mtaliano aliyekuwa akirudi kwao. Petroli ikinikatikia Gongoni, shauri yangu. Lakini maji ya kuoshea kioo! Hayo linayapigia kelele kila nikiwasha. Ting! Taa ya njano, na kijipicha cha kioo kikirushiwa maji. Nashuka, nafungua boneti, mtungi umejaa hadi shingoni. Nafunga, nawasha. Ting!

Na nyumbani kwangu hapa Maweni, mfereji unakauka kimya kimya. Ushajipaka povu mwili mzima, unafungua, unakohoa hewa. Hapo mbona hakuna ting?

Jirani mwenye tuktuk akanishauri nibandike tepu nyeusi juu ya taa. Ana haki ya kusema, tuktuk yake haina hata pa kubandika tepu. Mimi maji yale nayahitaji. Kusi ikivuma, chumvi ya bahari inaganda kwenye kioo, na ukirudi kutoka Watamu usiku, matatu likikumulika usoni, huoni barabara wala mbuzi aliyelala juu yake.

Basi nikamwita fundi. Akachomoa soketi ya sensa, kile kidude kinachopima maji mtungini, taa ikazima.

"Imepona, mzee. Iache hivyo hivyo."

Nikamwambia nimelinunua gari na taa zake zote, nataka zinitumikie. Akacheka, akafungua gurudumu, akang'oa plastiki ya ndani ya madigadi. Klipu zilikuwa zimekaushwa na jua, zikakatika moja moja kama njugu. Mtungi umefichwa huko nyuma ya bampa, na sensa imechomekwa ubavuni mwake, chini kabisa. Kwa hiyo kuichomoa ni kumwaga maji yote. Nilitaka kumwonya fundi, lakini alikuwa keshalala chali.

Akajifuta uso, akanionyesha. Ndani yake mna kiboya chenye sumaku. Maji yakiwapo, kinaelea. Maji yakishuka, nacho kinashuka, sumaku inagusanisha vibati viwili ndani ya kichupa cha kioo, taa inawaka. Changu kilikuwa kimegandia chini kwa utando na magadi ya maji ya kisima. Tukakiloweka kwenye siki ya mke wangu (hakuulizwa). Kikaanza kucheza, lakini taa kuzima wapi! Vile vibati vilishashikana, haviachani tena.

Duka la spea la hapa walinitolea ya gari jingine, wakaapa inaingia. Nikaagiza Mombasa. Huko wakataka namba ya chesi, utadhani naposa binti yao, kisha ikaja kwa basi. Kidude cha kidole gumba! Bei yake siitaji, kuta zina masikio na mke wangu yuko jikoni.

Kuifunga ilikuwa kazi ndogo, ila fundi alitaka kuupaka mpira grisi uteleze. Nikamzuia: mafuta huuvimbisha mpira, halafu mtungi unavuja. Tukatumia maji ya sabuni, ikaingia, tukajaza, nikawasha. Kimya. Nikakaa humo garini kidogo, nasikiliza kimya changu.

Mke wangu akatoka na ndoo tupu, akaiona sensa kuukuu chini.

"Kijana, hii haiwezi kufungwa kwenye tangi letu la juu?"

Fundi hakatai kazi. Akauliza ngazi iko wapi.

"Mama Salma," nikasema, "hiyo ni mbovu. Kutwa kucha inasema maji hakuna."

"Kwa tangi hilo," akasema, "itakuwa inasema kweli."