Northern Line ya London: kuitenganisha au kuiacha na ndoa yake?

Kituo cha Camden Town kwenye Northern Line, reli ya chini ya ardhi ya London, kaskazini mwa mji, saa za kwenda kazini. Abiria wengi wanaoelekea katikati ya mji hawaendi moja kwa moja jukwaani. Wanasimama chini ya ngazi za umeme, katika kijia kilicho kati ya majukwaa mawili, shingo juu, macho kwenye ubao. Treni za katikati hufuata njia mbili, moja kupitia kituo cha Bank na nyingine Charing Cross. Ubao ukionyesha kwamba treni ya Bank inaingia upande huu, nusu ya umati inakimbilia huko. Anayetaka Charing Cross anabaki palepale, anapigwa vikumbo. Aliyewahi kusubiri kituoni mpaka konda aite njia ndipo ajue aingie gari gani hatashangaa.

Chanzo chake ni cha zamani. Northern Line ni ndoa ya reli mbili: moja ilifunguliwa mwaka 1890 ikihudumia eneo la mabenki, nyingine mwaka 1907 ikipita Charing Cross. Mwaka 1924 ziliunganishwa Camden, na mwaka 1926 zikaunganishwa tena Kennington, upande wa kusini. Wahandisi walichimba mahandaki yanayopita juu na chini ya mengine, ili treni yoyote itoke tawi lolote na kuingia lolote bila kuikata nyingine njia. Kazi safi kabisa. Urithi wake ni reli yenye matawi mawili makubwa kaskazini (Edgware na High Barnet), njia mbili katikati, na tangu 2021 miisho miwili kusini, Morden na Battersea.

Wanaotaka itenganishwe wana hesabu nzuri. Kila tawi la kaskazini lishike njia moja tu ya katikati, basi. Kwa sasa treni ya Edgware ikichelewa dakika mbili, nafasi yake kwenye makutano imepotea, ya High Barnet iliyo nyuma inangoja, na ucheleweshaji unasambaa mpaka Morden. Itazame Victoria Line, reli nyingine ya chini ya ardhi ya London: haina matawi ya abiria, na tangu 2017 saa za msongamano inapitisha treni 36 kwa saa, moja kila sekunde 100. Northern, kwa kila njia ya katikati, inapitisha ishirini na kitu. Kwa abiria anayeachwa jukwaani kwa sababu behewa limeshiba, tofauti hiyo si ndogo.

Ila hesabu hiyo ina tundu. Nafasi zaidi kwenye reli hazina maana bila treni za kuzijaza, na mpango wa kununua treni za nyongeza kwa ajili ya Northern ulishawekwa kando kwa kukosa fedha. Ukitenganisha leo utapata ratiba inayotii zaidi, lakini si ule mto wa treni unaoahidiwa.

Na kuna mtu wa Finchley, kwenye tawi la High Barnet, anayefanya kazi jirani na Bank. Leo anakaa kitini mpaka kazini. Njia zikigawanywa na tawi lake likapewa Charing Cross, atashuka Camden au Euston abadili. Wapangaji watamwambia anapoteza dakika chache, na kwamba treni zikiwa nyingi dakika hizo zitarudi. Sawa, lakini hakuna anayezihisi dakika zote kwa uzito mmoja. Dakika tano za kusoma gazeti kwenye kiti si dakika tano za kusukumana na mtoto kwenye kigari, tena Camden hakuna lifti ya kufika jukwaani.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Kusini, utengano umeshafanyika kwa sehemu kubwa na wala haukuzua kelele: treni nyingi za Morden hupita Bank, za Charing Cross huishia Battersea au hugeuzia Kennington. Uliwezekana kwa sababu Kennington abiria anayebadili kuelekea upande uleule anavuka tu kwenda jukwaa la jirani, na vijia vya ziada vilichimbwa kabla ya Battersea kufunguliwa. Bank nayo ilipanuliwa, hata njia ikafungwa wiki 17 mwaka 2022. Camden haikupata bahati hiyo. Kwa miaka mingi Jumapili mchana ilikuwa ya kutokea tu, huingii, kwa wingi wa watu wa soko la Camden. Mpango wa kuijenga upya ulikataliwa na serikali mwaka 2005 kwa sababu ya majengo ambayo yangebomolewa; uliofuata, wenye mlango mpya Buck Street, ukasimamishwa mwaka 2018, fedha hazipo.

Tusidhani pia kwamba kutenganisha ndiyo dawa ya kila mtandao. New York, Juni 2010, ilifanya kinyume: treni ya M iliondolewa kwenye njia yake ya zamani ya kusini mwa Manhattan ikachanganywa na njia ya Sixth Avenue. Lengo lilikuwa kubana matumizi, lakini watu wa Ridgewood na Williamsburg, mitaa iliyo nje ya Manhattan, wakajikuta wana safari ya moja kwa moja hadi katikati ya Manhattan.

Kwa London mimi niko upande wa kutenganisha, kwa sharti moja: Camden itangulie. Ukianza na ratiba, umati uliokuwa ndani ya mabehewa utauhamishia kwenye vijia vilevile ambavyo tayari vilikuwa vikifungwa Jumapili, safari hii ikiwa Jumatatu asubuhi, na kila mmoja ana haraka.