Final Fantasy X: rahisi wapi, ngumu wapi?

Final Fantasy X ilitoka Japani Julai 2001 kwenye PlayStation 2, na mpaka leo wachezaji wake hawajakubaliana kuhusu jambo la msingi kabisa: mapigano yake yanataka akili, au ni kubonyeza kitufe kilekile mpaka adui aanguke? Kambi moja inauita mfumo bora wa zamu (wahusika na maadui hutenda mmoja baada ya mwingine) ambao mfululizo huu umewahi kuwa nao. Nyingine inasema ni mafumbo yenye jibu moja moja, na kwamba kufikia mwisho hata mafumbo yenyewe hayapo. Ubishi umezidi kwa sababu Final Fantasy XV ya 2016 na XVI ya 2023 ziliachana na zamu, kwa hiyo anayedai zamu zirudi huishika X kama ushahidi, na anayezikataa huishika hiyohiyo.

Ukizifuatilia hoja zao kwa makini, utaona kambi hizi hazizungumzii saa zilezile za mchezo. Gemu ina vipande vitatu, na tabia zake hazifanani hata kidogo.

Kwanza mfumo wenyewe, maana huo hata wakosoaji wengi wanauheshimu. Tangu Final Fantasy IV ya 1991 mfululizo ulikuwa unatumia mita ya muda, na adui aliweza kukupiga huku bado unatafuta dawa kwenye menyu. Toshiro Tsuchida, aliyeongoza usanifu wa mapigano ya X, aliiondoa mita hiyo na kuweka orodha ya zamu upande wa kulia wa skrini. Muda husimama unapochagua. Wepesi wa mhusika huamua urefu wa hatua moja ya kusubiri. Uzito wa tendo huamua atasubiri hatua ngapi. Kutumia kitu kama Potion kuna uzito wa 2 na shambulio la kawaida lina 3, kwa hiyo aliyetoa dawa hurudi kwenye zamu mapema kuliko aliyepiga. Uchawi wa Haste hupunguza muda wa kusubiri kwa nusu, na wa Slow huuongeza maradufu. Kizuri zaidi ni kwamba ukiweka kishale juu ya amri kabla ya kuithibitisha, orodha hujipanga upya papo hapo. Bei ya tendo unaiona kabla hujailipa.

Ongeza kubadilisha wachezaji. Ukibonyeza L1 katikati ya pambano, yeyote kati ya wahusika wako saba anaingia mahali pa mwenzake na kutenda zamu hiyohiyo. Silaha na ngao nazo hubadilishwa vitani. Gemu nyingi za wakati ule ziliwaacha nusu ya wahusika wako wakizubaa nje ya mapigano.

Sasa kipande cha kwanza, kuanzia Besaid, kisiwa cha mwanzoni mwa safari, mpaka karibu na Macalania. Hapa wakosoaji wana hoja. Mbwa mwepesi ni wa Tidus. Ndege ni wa Wakka. Uji unaotembea ni wa Lulu, na ukiwa wa maji unapigwa kwa radi. Raldo mwenye gamba gumu anamhitaji Auron na silaha yake inayopenya. Mashine ni za Rikku, ambaye akiiba kipuri tu nyingi husambaratika. Ukishajua jedwali hilo, pambano limekwisha kabla halijaanza. Kilichobaki ni kuita jina sahihi. Tena AP, pointi za kumkuza mhusika, hupata tu aliyetenda angalau mara moja, basi wachezaji hujikuta wakimwingiza kila mmoja ajikinge zamu moja kisha atoke, pambano baada ya pambano. Hiyo kweli ni kazi ya karani.

Watetezi hujibu kwamba kipande hiki ni darasa. Nakubali nusu. Darasa ni zuri, ila ni refu mno, na maadui wa njiani huibuka kwa bahati nasibu hivi kwamba somo moja hulirudia mara ishirini. Dawa ipo, lakini inachelewa: ngao yenye No Encounters, inayozuia maadui wa njiani, hutengenezwa kwa Purifying Salt 30, na ukizipata umeshavuka sehemu iliyokuchosha.

Kipande cha pili ndicho kinachowafanya watu waipende gemu hii miaka ishirini na zaidi baadaye. Kinaanza na bosi Evrae juu ya meli ya angani. Tidus au Rikku anaweza kumwomba Cid, mwenye meli, airudishe nyuma. Ikirudi, Evrae hawezi kukupulizia sumu yake, lakini na wewe panga za Tidus na Auron hazimfikii. Wanabaki Wakka na wachawi, pamoja na makombora ya Cid. Kuna kubadilishana kwa kweli hapo: usalama unaulipia kwa kasi ya ushindi.

Kisha Seymour Flux mlimani Gagazet, mwenye uhai 70,000, ambaye amewafanya wengi waweke kontrola chini. Lance of Atrophy humgeuza mmoja wako zombi, halafu Mortiorchis, ile mashine iliyo nyuma yake, humtupia Full-Life. Uchawi wa kufufua ukimgusa zombi humuua. Wanaolalamika kwamba bosi huyu anaonea mara nyingi hawakuangalia upande wa kulia wa skrini. Orodha hukuonyesha kama kuna mtu wako kati ya mkuki na Full-Life. Yupo? Mpe zombi Holy Water, dawa ya kuondoa uzombi. Hayupo? Usipoteze kitu kwake. Mwache aanguke, umwinue baadaye. Tena Seymour anashikwa na sumu: Bio moja ya Lulu, uchawi wa sumu, humla 1,400 kila zamu yake, na hilo wengi hawalijaribu kwa kuwa wamezoea mabosi wasioshikwa na chochote.

Bosi Yunalesca ni mkali zaidi. Umbo lake la kwanza, lenye uhai 24,000, linajibu kila pigo: ukimpiga kwa silaha anakupofusha, ukimroga anakunyamazisha. La pili, 48,000, linawageuza wote zombi kwa Hellbiter. Mchezaji mwenye bidii huwaponya wote haraka, na hapo ndipo anapouawa, maana la tatu, 60,000, linafungua kwa Mega Death inayomuua kila asiye zombi. Suluhisho ni kumwacha mmoja au wawili wakiwa zombi makusudi, au kuvaa ngao yenye Deathproof, inayozuia kifo cha papo hapo. Kosa la pambano hili lipo nje ya pambano: kwenye matoleo ya PlayStation 2 ukishindwa unayatazama upya mazungumzo marefu yaliyotangulia, bila njia ya kuyaruka. Toleo la kompyuta la 2016 liliruhusu kuyaruka, na malalamiko mengi kuhusu Yunalesca yangepoa zamani kama ingefanyika hivyo tangu mwanzo.

Hata hivyo wakosoaji wana silaha moja hapa ambayo watetezi huikwepa: Aeon, viumbe anaowaita Yuna. Mita zao za Overdrive, yaani za pigo kubwa, unaweza kuzijaza mapema kwenye mapigano madogo, ukaingia kwa bosi na kuzifyatua mfululizo. Seymour Flux ana Banish ya kuwafukuza, lakini huwafukuza baada ya kutenda, basi kila mmoja anakuwa ameshatoa pigo lake kubwa. Fumbo lote la zombi unaweza usilione kabisa. Kwa maoni yangu hili ni kosa kubwa kuliko lile la jedwali la Besaid, kwa sababu linamnyima mchezaji sehemu bora bila yeye kujua.

Kuhusu Sphere Grid, ubao ambao wahusika wanakua kwa kusogea juu yake, ugomvi ni mdogo kuliko kelele zake. Level moja inasogeza nafasi moja mbele, au nafasi nne kurudi ulikokwishapita. Ubao wa kawaida unaonekana kama bahari ya uhuru, ila kwa muda mrefu ni kamba iliyofungwa kwa kufuli. Aliye huru mapema ni Kimahri pekee: njia yake ni fupi, na Key Sphere (ufunguo wa kufuli hizo) ya ngazi ya kwanza inamtosha kuingia eneo la Rikku na kujifunza Steal, yaani kuiba. Ubao wa pili, wa Expert, huwaweka wote karibu na katikati, jambo ambalo wazoefu hulisifu. Hatari yake ni kumgawa mhusika kati ya njia mbili. Akifika Gagazet hana nguvu za yeyote kati yao. Anayecheza mara ya kwanza achukue ule wa kawaida.

Kipande cha tatu ni baada ya kupata uhuru wa kuiendesha meli ya angani utakako, na hapa sioni cha kutetea kwenye upande wa mbinu. Lengo linakuwa kufikisha kila sifa 255. Wachezaji huunda silaha yenye Overdrive → AP, Triple Overdrive na Triple AP, kisha wanasimama mbele ya adui Don Tonberry wapigwe makusudi, maana maumivu yanageuka AP na pambano moja linaweza kutoa level 99. Sifa ya bahati inawadai kuwinda maadui Earth Eater na Greater Sphere tena na tena, pointi nne kwa kila duara la ubao. Penance, bosi wa mwisho wa hiari, ana uhai 12,000,000. Pigo kubwa kabisa ni 99,999, kwa hiyo hata usipokosea hata mara moja ni mapigo 121, bila kuhesabu mikono yake miwili ya 500,000 kila mmoja inayorudi ikishavunjwa. Orodha ya zamu bado ipo skrini, lakini haina la kukuambia: ni Quick Hit, pigo la haraka, tena Quick Hit, tena Quick Hit. Au unamlipa Yojimbo, Aeon wa kukodiwa, fedha nyingi ukiomba atoe Zanmato, inayoua chochote kwa pigo moja, Penance akiwemo.

Matoleo yenyewe yaliugusa ugonjwa huu bila kuutibu. Toleo la International, lile la Ulaya na HD Remaster yalipandisha gharama ya Quick Hit kutoka MP (pointi za uchawi) 12 hadi 36, na papo hapo yakaongeza Dark Aeon, yaani Aeon waliogeuka maadui, wasiokuwepo kwenye gemu ya Japani na ya Marekani ya 2001. Mtego wao mbaya hauko kwenye nguvu zao. Dark Valefor, mwenye uhai 800,000, huziba njia ya kurudi kijijini Besaid, na Dark Shiva, 1,100,000, huziba hekalu la Macalania. Anima, Aeon wa siri, hapatikani bila hazina za Destruction Sphere za mahekalu yote sita. Aliyepita hekalu la Besaid saa ya tatu ya mchezo bila kuichukua analipishwa saa ya hamsini, na hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo ukicheza remaster, usitoke Besaid wala Macalania kabla ya kufungua masanduku hayo mawili.