Upanga wa Saint-Georges na Dumu la Mafuta

Oktoba hapa Uingereza ni Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, na jumuiya yetu ya Waswahili wa Leeds haiuachi upite kimya. Kamati huwagawa wahusika wa kuigiza kama pilau ya harusini: ukichelewa unaambulia ukoko. Nilipofika kikaoni, Mwalimu Nyerere kashachukuliwa, Mandela anagombewa na watu wawili, na hata Mary Seacole, yule muuguzi wa Vita vya Crimea, kashapata mtu wake na kilemba kishashonwa. Nikabakiziwa Mfaransa.

"Mfaransa mweusi?" nikauliza.

Mwenyekiti wetu, mama wa Mombasa aliyestaafu ualimu, akanitazama juu ya miwani. Usiombe kutazamwa hivyo. Akanieleza kuwa Chevalier de Saint-Georges alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, baba mwenye mashamba ya miwa, mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, jina lake Nanon. Akapelekwa Ufaransa angali mtoto, akakua mpiga fidla, mtunzi wa muziki, baadaye kanali wa jeshi, na juu ya hayo yote bingwa wa upanga aliyejulikana Ulaya nzima.

"Fidla huwezi," akamalizia. "Tafuta upanga."

Sasa, upanga wa mabwana wa enzi zile usiufananishe na wetu wa kufyekea. Ni kitu chembamba, chepesi, nusu kilo ukizidisha sana. Karne ya 18 bwana aliuning'iniza kiunoni akienda dansini, akienda kunywa chai, akienda kumsalimia tu jirani. Kule Birmingham, Matthew Boulton alitengeneza mipini ya chuma iliyochongwa ikameremeta mithili ya almasi. Walikuwa na hata upanga wa msibani, mpini wake umetiwa weusi ili usije ukang'aa mbele ya wafiwa. Hao ndio watu waliofikiria mambo yao.

Nikaagiza nakala mtandaoni kwa pauni 90, kazi ya mafundi wa India. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa nyuma ya bega langu akishauri bila kuombwa. Yeye alitaka ninunue kitara kilichopinda, cha kisultani hasa. Nikamweleza kuwa panga za kiwandani zilizopinda, zenye sentimita 50 kwenda juu, zimepigwa marufuku kuuzwa hapa tangu 2008, ila ulionyooka wa aina hii ni ruksa.

"Kwa hiyo Waingereza wanaamini mnyoofu hauui?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Upanga ulipofika, kijana wa vifurushi alinidai kitambulisho kuhakikisha nimetimiza miaka 18. Nina mvi mpaka kwenye nyusi. Nikampa pasipoti, akaisoma, akanitazama, akaisoma tena, ndipo akanikabidhi boksi.

Lazima niseme ulikuwa mzuri. Mpini wa waya uliosokotwa, kikinga mkono cha shaba chenye umbo la chaza mbili, na ala nyeusi. Kirungu cha mwisho wa mpini kilikuwa kinacheza kidogo, nikakaza nati yake kwa vidole, nikajiona fundi. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi: haujanolewa, ni wa mapambo. Mimi karatasi ile nilikuwa nishairidhia. Shemeji ndiye aliyeisoma kwa sauti, mara mbili, huku akitikisa kichwa.

"Pauni tisini, halafu butu? Shemeji, umeuziwa fimbo."

Hapo inabidi mjue kwamba shemeji katika ujana wake alinoa visu Ngamiani, Tanga, kwa baiskeli. Wale wa zamani mnaijua: baiskeli inasimamishwa kwa stendi, fundi anapanda, anakanyaga pedeli, mkanda kutoka gurudumu la nyuma unazungusha jiwe mbele yake. Leo anapanga mizigo ghalani usiku, lakini kisu butu akikiona bado kinamuuma moyo. Mimi nilisema tuache. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Jumamosi, mke wangu, Mama Salma, alipoondoka kwenda soko la Kirkgate kununua nazi na nyama, shemeji akatoka na vifaa vyake: jiwe la duara alilonunua duka la vifaa, mkanda wa mashine ya kufulia iliyokufa, na baiskeli ya Salma, ya waridi, yenye kengele. Tukavifunga uani. Akapanda. Magoti yalimfika kidevuni. Akapiga kengele mara tatu, kama desturi ya mafundi wa mtaani, ingawa mteja alikuwa ni mimi peke yangu na nilikuwa nimesimama naye.

Kengele ilimtoa jirani yetu, bibi wa Kiingereza ambaye kwa miaka yote tumesalimiana kwa kuzungumzia mvua tu. Akachungulia juu ya ua, akaingia ndani, akarudi na mkasi wa kukatia maua. Shemeji akaunoa kwa dakika chache. Bibi akakata nao jani la waridi, jani likaanguka bila hata kutikisika, akampa pauni tano na keki.

Baada ya sifa zile asingeambilika tena.

Akauchomoa upanga alani, akapitisha kidole gumba kutafuta makali. Akaugeuza. Akapitisha tena. Akaugeuza tena.

"Shemeji, makali yako upande gani?"

Tukauangalia pamoja kwa mara ya kwanza. Bapa halikuwa bapa. Lilikuwa na pande tatu, kila upande umechimbwa mfereji wa urefu mzima, na kona tatu mahali ambapo mtu mwenye akili angetegemea makali. Ndivyo zilivyokuwa nyingi za aina ile: mifereji inapunguza uzito, pembe tatu zinaleta ukakamavu, na kazi ya chombo ni moja tu, kuchoma. Kukata hakukuwemo kwenye mpango. Baadaye nimesoma kuwa ufundi huo ulikuwa wa Solingen, Ujerumani, na mwishoni mwa karne ya 17 wahunzi wa huko waliletwa Shotley Bridge, kaskazini mwa Uingereza, kuufanya. Kampuni iliyoanzishwa kwa ajili ya mapanga hayo ikaishia kuwa benki, ikajiingiza kwenye kashfa ya hisa za South Sea Company mwaka 1720, ikazama. Ilinipa faraja kidogo kujua kwamba kuna wakubwa waliopata hasara kwa kuanzia na chuma kile kile.

Lakini siku ile hatukujua. Shemeji alifikiri, akatabasamu.

"Pande tatu ni makali matatu. Kwa wengine ningetoza bei ya visu vitatu."

Akaanza. Cheche zikaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia atie maji, akasema maji ni ya wanaojifunza. Punde nikaona chuma kinabadilika rangi, manjano, hudhurungi, kisha samawati safi, mstari baada ya mstari. Chuma kilichonolewa kikifika samawati hiyo kwa joto la jiwe, ugumu wake umeanza kuondoka. Shemeji akasema ni urembo. Na ajabu ni kwamba mabwana wa karne ya 18 walipenda kweli panga zilizotiwa samawati na nakshi za dhahabu, kwa hiyo alipatia bila kujua, ila wao hawakutumia baiskeli ya mtoto.

Akamaliza kwa ncha. Ncha aliipa moyo wake wote. Ilitoka sindano.

Tukaingia jikoni kujaribu. Nyanya ya kwanza haikukatika, ilipasuka. Ya pili ilibingirika ikaanguka chini. Salma, ambaye ana miaka minane na simu ya mama yake, akauliza kama tunatengeneza tomato sosi. Shemeji akanyamaza. Fundi wa Ngamiani, mwenye pauni tano ya Mzungu mfukoni, ashindwe na nyanya?

Kumfariji, nikamwonyesha ile picha ya mchoraji Robineau ya pambano la tarehe 9 Aprili 1787, kwenye jumba la Carlton House, London, mbele ya mwana wa mfalme. Saint-Georges yuko upande mmoja. Upande wa pili yuko Chevalier d'Éon, jasusi na askari mstaafu wa Ufaransa, umri miaka 58, ndani ya gauni jeusi na kofia ya kike, anarusha mkono kama kijana. Shemeji akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu mwenye gauni anachoma," akasema. "Hakati. Anachoma!"

Akarudi nyuma hadi kwenye friji. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto juu. Akachagua shabaha: boksi la kadibodi pembeni mwa jiko, alilolihesabu tupu. Akaruka.

Sikusikia sauti yoyote. Ule upanga uliingia kwenye boksi ukatokea upande wa pili kama theluthi yake, bila kugoma hata kidogo. Shemeji akabaki amejinyoosha, uso umejaa nuru.

Halafu nuru ikapungua.

"Shemeji, humu mna nini?"

Mlikuwa na dumu la lita 20 za mafuta ya kupikia, jipya, la oda ya sambusa, kachori na maandazi ya sherehe ile ile ya Oktoba, ambayo Mama Salma ndiye mpishi wake. Kabla sijamaliza kueleza, alishtuka akauchomoa.

Mafuta yalitoka mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Matundu mawili ya pembe tatu, madogo, nadhifu, kila moja na mchirizi wake. Tukijaribu kulilaza huku, linavuja kule. Nikaleta selotepu, ikateleza. Nikaleta ubani wa kutafuna wa Salma, ukateleza ukiwa na selotepu. Ni shemeji aliyepata wazo, na namsifu kwa hilo: akaurudisha upanga ulimotoka, taratibu, akitafuta kina. Upanga ule unapungua unene kuelekea nchani, na kuna sehemu moja, moja tu, ambapo uliziba mbele na nyuma sawia. Akaipata. Mafuta yakakatika.

"Usiniguse," akasema. "Nikitikisika linavuja."

Basi akapiga magoti kwenye mafuta, mikono miwili mpinini, na mimi nikaanza kuchota kwa upawa kupitia mdomo wa dumu. Nikajaza sufuria zote. Nikajaza birika. Nilikuwa nimelifikia beseni la kuogea mtoto pale mlango wa mbele ulipofunguliwa.

Mama Salma alisimama mlangoni na mifuko yake ya nazi. Akaitazama sakafu. Akamtazama mdogo wake, aliyempakata shuleni akampakata na Ulaya.

"Shikamoo dada," shemeji akasema kutoka chini.

Sijawahi kusikia shikamoo ikaning'inia vile. Hakuitikia. Aliweka mifuko chini moja moja.

"Mmeunoa?"

"Tumeunoa," nikasema.

"Unakata?"

"Haukati."

"Ila?"

"Unatoboa."

Akavua koti, akajifunga kanga, akawasha majiko yote manne. Hakugomba, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema mafuta yakishafunguliwa kwa upanga basi yatakaangiwa leo leo. Tukachuja kwa kitambaa, tukakunja sambusa, tukakaanga mpaka saa tano usiku. Shemeji alikaa pale pale kwenye magoti yake mpaka mafuta yaliposhuka chini ya matundu. Alipoona kiu, Salma alimpelekea juisi kwa mrija.

Siku ya sherehe niliufunga upanga ndani ya boksi lake, boksi ndani ya buti la gari. Sheria ya hapa ya mwaka 1988 inakutaka uwe na sababu nzuri ya kutembea na chuma chenye ncha barabarani, na sikutaka kumweleza polisi kwamba mimi ni Saint-Georges. Ukumbini, mwenyekiti akagusa ncha kwa kidole, akakiondoa haraka. Miwani ikashuka.

"Nani kanoa hiki?"

Nikamwonyesha shemeji, aliyekuwa anachechemea.

"Kule Carlton House walicheza na vya mazoezi," akasema mama yule. "Vina kirungu nchani. Hakuna aliyekuwa na wazimu wa kunoa."

Akapita meza ya chakula, akachukua kachori moja ya viazi, akaichomeka nchani ikakaa barabara. Ndivyo nilivyoingia jukwaani: koti la bluu, soksi nyeupe hadi magotini, upanga wenye milia ya samawati, na kachori. Niliwaeleza watoto kuhusu Guadeloupe, kuhusu fidla, kuhusu yule mwenye gauni. Walisikiliza vizuri mpaka niliponyoosha mkono kuonyesha pigo, na kijana mmoja wa mstari wa mbele akaing'ata ile kachori akaimaliza. Mwenyekiti alikuwa jukwaani na kachori ya pili kabla sijajua la kufanya.

Bibi jirani amewaambia wenzake. Kila Jumamosi sasa uani kwetu kuna foleni ya mikasi, visu vya mkate na hata kisu cha mashine ya nyasi, na shemeji anakanyaga baiskeli ya waridi kwa maji kwenye kopo, maana siku hizi anatia maji. Fedha anapokea dada yake, analipia dumu. Zimebaki pauni kumi na moja. Kila akifika anamwamkia, na bado hajaitikiwa.