Harusi ya Desemba Uchagani: Ndugu Wapo, Lakini Januari Inasubiri

Kila ifikapo katikati ya Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa, na vihamba (mashamba ya ukoo yenye makazi) vya Marangu, Machame, Kibosho na Rombo kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambavyo sehemu kubwa ya mwaka huachiwa wazee, hupata watu tena. Katika majuma hayohayo machache ndipo vijana wengi hupanga kufunga ndoa. Wapo wanaoona kwamba huo ndio wakati pekee unaofaa, na wapo wanaoona kwamba kuibebesha Krismasi harusi ni kuwaumiza watu na kwamba ingefaa ndoa isogezwe hadi Juni au Agosti.

Hoja ya wanaotetea Desemba ni nzito kuliko wanavyodhani wale wanaoiona kuwa ni tamaa ya sherehe tu. Ndoa ya Uchagani haianzi wala haiishii kanisani. Kuna barua ya posa, kikao cha mahari, mbege, pombe ya ndizi, inayonywewa na pande mbili kuthibitisha makubaliano, na baraka za wazee ambazo hazitolewi kwa simu. Shangazi aliyeolewa Mwanza, mjomba mwenye duka Kariakoo na kaka anayeishi ng'ambo hukutana nyumbani mara moja kwa mwaka, na kuwaita tena Agosti ni kuwatoza nauli ya pili kwa safari ambayo, kwa anayetoka Dar es Salaam, inazidi kilomita 500 kwenda tu. Zaidi ya hayo, bibi asiyeweza tena kusafiri hadi kwenye ukumbi wa mjini humshuhudia mjukuu wake akiolewa hatua chache kutoka mlangoni pake. Kwangu mimi hilo peke yake lina uzito mkubwa.

Hata hivyo, gharama ya harusi ya Desemba hailipwi na maharusi peke yao. Hulipwa na mwalikwa ambaye, baada ya nauli ya familia nzima na mbuzi wa sikukuu, anapokea kadi tatu au nne za mchango kwa mpigo, huku akijua kwamba Januari inakuja na ada, sare na mahitaji ya mtoto anayeanza kidato cha kwanza bweni. Mtu wa namna hiyo haoni urahisi wa kukataa, kwa kuwa mwenye kadi ni ndugu. Anatoa ahadi, kisha anaitimiza kwa mkopo. Hulipwa pia na wanawake wa ukoo, ambao hupika kwa ajili ya Krismasi na kuendelea kupika kwa ajili ya harusi, hata likizo yao ikaishia jikoni. Vikao vya kamati huhesabu sufuria na kreti za soda, lakini ni nadra kuhesabu uchovu huo.

Ratiba nayo ni finyu. Kanisa Katoliki halikatazi ndoa katika Majilio, yaani majuma ya maandalizi ya Krismasi, ila linataka wachumba wazingatie hali ya kipindi hicho, na maua ya altareni huwekwa kwa kiasi. Wanaotaka shangwe kamili husubiri Krismasi ipite, na hapo siku zinazobaki kabla watu hawajaanza kurudi mjini ni chache mno. Wapambaji, washereheshaji na wapiga picha hugombewa, na bei hupanda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo anayeamua mambo Desemba yenyewe amekwisha kuchelewa.

Nikipima pande zote mbili, naegemea upande wa Desemba, lakini kwa sharti ambalo kamati nyingi hazilipendi: kama sababu ya kuchagua mwezi huo ni kuwa ndugu wapo, basi sherehe ijengwe juu ya uwepo wao, si juu ya pochi zao. Michango ifungwe ifikapo mwisho wa Oktoba, chakula kilichokusanywa ndicho kigawiwe, na turubai la nyumbani litoshe mahali pa ukumbi wa kukodi. Wapishi wa kulipwa waajiriwe hata ikibidi keki ipunguzwe.

Sharti hilo halitoshi pale bibi harusi anapotoka Songea au Bukoba. Ndugu zake nao wana Krismasi yao na wazee wao wanaowangoja, na kuwataka waiache ili wapande mlima ni kuufanya ukoo mmoja uwe mwenyeji wa ndoa na mwingine uwe mgeni. Kwa maharusi wa namna hiyo, hoja ya kwamba watu wote wako nyumbani haisimami tena, na Juni, pamoja na nauli zake za ziada, inazitendea haki pande zote mbili.