Kusema ukweli kazini sio unoko

Kila mwaka nikiwauliza wanafunzi wangu nani anataka kubobea kwenye sheria za kazi, mikono miwili mitatu ndo inanyooka, wengine wote wanataka kodi, madini, gesi. Siwalaumu, maisha ya Dar yako juu. Ila mimi niko huku na sihami.

Kuna kaka mmoja alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda flani njia ya Pugu, akaona mzigo unatoka usiku bila makaratasi, akamwambia bosi wake, kumbe bosi mwenyewe yumo. Wenzake wakaanza kumwita mnoko, eti anachoma watu, akija kula wanahama meza. Baada ya miezi miwili akapewa barua, sababu "utendaji usioridhisha". Hakuna bosi atakayekuandikia kwamba nakufukuza kwa kuwa umesema.

Alinifikia wiki ya saba na hapo ndo niliumia, maana mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa uwe umefika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na yeye siku zote hizo alikuwa anazunguka kwa wazee wakamwombee msamaha. Msamaha wa nini jamani? Ikabidi tuanze kwanza kuomba tukubaliwe kuchelewa, kesi yenyewe inasubiri pembeni.

Na sheria ilikuwa upande wake! Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema kumfukuza mtu kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa sio sababu ya haki, na kifungu cha 39 mwajiri ndo anatakiwa athibitishe kwamba alifukuza kihalali, sio wewe. Mwaka 2015 ikaja na sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Uingereza ya kwao ni ya 1998, na kule kuna maprofesa wamemaliza maisha yao ya kazi wakifuatilia waliosema waliishia wapi, nani alirudishwa, nani hakuajiriwa tena popote. Hapa kwetu hiyo kazi tumwachie nani? Profesa Issa Shivji, msomi wa sheria, alipokuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoandika juu ya sheria za kazi aliwaweka mbele manamba wa mkonge na makuli wa bandarini. Mimi naona mtunza stoo na mhasibu wa leo wanastahili msomi wa kuwasemea hivyohivyo, kwa sababu haki za binadamu haziishii polisi na kwenye uchaguzi, zipo mpaka getini kiwandani.

Juzi mwanafunzi mmoja alibaki baada ya kipindi. Dada yake muuguzi, dispensari ya mtu binafsi, alilalamika kuhusu dawa zilizoisha muda, naye kapewa barua ya kuachishwa kazi. Nikamuuliza ya tarehe ngapi, tukahesabu, siku ya tisa. Fomu namba 1 ya CMA, ile ya kupeleka mgogoro, tuliijaza jioni ileile.