Siku niliyoialika kengele kwa paji la uso

Jamani mimi ni mtu wa kujifanya najua, niseme mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele.

Kuna senta moja ya meditesheni watu walikuwa wananisifia sana, wanafuata mafundisho ya Kibuddha lakini hawakuulizi dini yako wala unaamini nini, unavua viatu mlangoni unaingia. Nikaenda. Nikapokewa na mama mmoja mtu mzima, mpole mpaka unajishtukia, akaniuliza "mwanangu, umeshawahi kukaa?" Sasa mimi nimekaa maisha yangu yote, hilo nalo swali? Nikamjibu "sana tu mama". Kumbe kwao kukaa ndiyo meditesheni yenyewe.

Akanionyesha viti vimepangwa nyuma, akasema ukitaka kiti karibu, hata wazoefu wanakaa kwenye viti, hakuna mashindano hapa. Kiti? Mimi? Nikapitiliza mpaka mbele kabisa kwenye ile mito ya duara, nikamwangalia jirani yangu kakunja miguu kila unyayo umelala juu ya paja la upande wa pili, nikasema hicho tu. Mguu wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukagoma, ikabidi niubebe kwa mikono miwili niupandishe kama mzigo kwenye keria.

Sasa pembeni yangu ndo kulikuwa na kengele. Usiwaze kengele ya shule, hii ni bakuli kubwa la shaba limekalishwa juu ya mto wake, tena mto mzuri kuliko wangu. Kaka aliyekuwa anatuongoza akaeleza utaratibu kwa sababu wageni tulikuwa kadhaa. Wao wanafuata mtindo wa Thich Nhat Hanh, yule mtawa wa Vietnam aliyeanzisha Plum Village kule Ufaransa mwaka 1982, na kwao kengele haipigwi, inaalikwa. Kwanza unaigusa kidogo itoe mlio mfupi uliobanwa, hiyo ni kuiamsha na kuwapa watu taarifa, halafu ndo unaialika kwa mlio mzima. Na ikilia, kila mtu anaacha anachofanya, kama ulikuwa unaongea unanyamaza, kama ulikuwa unatembea unasimama hapohapo, unavuta pumzi tatu taratibu ndo unaendelea. Nikaona ni kitu kizuri sana aisee. Shikilia hapo.

Akaongezea na mfano wa Buddha wa mishale miwili, kwamba mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni yale mawazo unayojichoma nayo mwenyewe juu ya maumivu. Kengele ikaalikwa, tukaanza, dakika 30.

Dakika tano za mwanzo nilikuwa mtakatifu kabisa. Dakika ya kumi mshale wa kwanza ukaingia kwenye goti, na wa pili haukuchelewa, nikaanza kuwaza huu mguu utakatwa, nitaenda kuwaambia nini watu nyumbani, kwamba nimekatwa mguu kwa sababu ya kukaa? Nikamkumbuka Bodhidharma, yule mtawa wa Kibuddha wa zamani sana, maana kabla sijaenda nilijisomea kidogo ili nisiwe mshamba, hadithi zinasema alikaa miaka 9 ameangalia ukuta mpaka miguu ikanyauka, na Wajapani wanatengeneza wanasesere wake hawana miguu, wanaitwa daruma, chini wana uzito kwa hiyo ukimwangusha anainuka mwenyewe. Nikasema kama yeye miaka tisa mimi nusu saa itanishinda?

Ilipofika kama dakika ya ishirini maumivu yakaisha. Yakaisha yote! Nikajua hapa sasa nimefika, hii ndo ile amani wanayoisema. Kumbe wapi, mguu umekufa ganzi. Baadaye nimekuja kuelewa kuna mshipa wa fahamu unapita pembeni ya goti kwa nje, ukikunja miguu vibaya unaubana, na ukibanwa hata unyayo huwezi kuunyanyua. Mimi muda huo nilikuwa natabasamu.

Kengele ikalia, kaka akasema kwa sauti ya chini sasa tutatembea, kila hatua na pumzi yake, tunazunguka chumba kimyakimya. Watu wakanyanyuka. Na mimi nikanyanyuka, wa kulia ukaitika, nikaukanyagia wa kushoto nikakuta sina. Yaani naangalia chini nauona upo, ila hauko na mimi. Nikaondoka mzimamzima kuelekea pembeni, kiwiko kikatangulia kikaigusa kengele, dup, halafu paji la uso likafuata, GOOOONG.

Kwa utaratibu kabisa. Kuamsha, halafu kualika.

Chumba kizima kikaganda. Mimi niko chini kama gunia, na watu zaidi ya ishirini wamesimama wametulia nyuso zao hazina wasiwasi hata chembe, wengine wamefumba macho, wanavuta pumzi. Moja. Hakuna anayekuja. Mbili. Nawaona visigino tu. Ya tatu wanaitoa polepole utadhani wana siku nzima, na kaka muongozaji naona kabisa mabega yanamtetemeka lakini pumzi zake kazimaliza zote.

Zilipoisha mama yule akaanza kuja kunisaidia. Mimi kwa aibu nikasema niwahi kuinuka mwenyewe kama daruma, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu ili nijivute. Kilikuwa ni mto wa kengele. Bakuli likaniteleza juu likanigonga kwenye goti.

GOOONG.

Mama akasimama katikati ya safari, mguu mmoja mbele, mkono kaunyoosha kwangu, kafumba macho. Pumzi tatu nyingine! Safari hii na mimi nikavuta, ningefanya nini sasa, na hapo ganzi ndo ilikuwa inaachia, wanaoijua wanajua, sindano mguu mzima kuanzia gotini mpaka kidole gumba, na kucheka hairuhusiwi wala kulia.

Mtu mmoja nyuma akashindwa. Kicheko kikamtoka puani kama filimbi, basi ikawa ndo mwisho wa ukimya, kaka mwenyewe alikaa chini akafuta machozi.

Wiki iliyofuata nimerudi. Mama kanipokea mlangoni vilevile na upole wake, safari hii hakuniuliza kama nimeshawahi kukaa. Kanishika mkono moja kwa moja mpaka kiti cha mwisho nyuma kabisa, kanikalisha, kahakikisha miguu yote miwili iko chini. Halafu nikamwona anaenda mbele, anabeba kengele na mto wake, anaihamishia kona ya mbali.